Mama Aidha

Gazeti lilimkuta Afisa Habari wa mji amesimama mlangoni pa ofisi yake, ufunguo bado mkononi. Dada wa mapokezi alimkabidhi bila salamu, akaondoka upesi kama mtu aliyetua sufuria ya moto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Ukumbi wa zamani, na juu ya picha maneno manne yenye herufi za kutisha: UKUMBI WA MJI KUFUNGWA. Chini yake taarifa ya Halmashauri ilikuwa imechapwa nzimanzima, kuanzia kichwa mpaka "imetolewa na". Taarifa hiyo ilikuwa ya siri. Ilipaswa kutoka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Hakuisoma. Angeisoma ya nini, na maneno yake alikuwa nayo kichwani tangu wiki iliyopita? Alitazama kichwa cha habari, akatazama picha, akaingia ofisini.

Huu ulikuwa mji wa kujisifu. Ulikuwa na jumba la makumbusho, mtaa mzima wa wachongaji, bendi ya tarumbeta na vikundi vya maigizo visivyopatana. Katikati ya yote hayo ulikuwa na Ukumbi, na ilikuwa shida kumpata mtu mzima mjini ambaye hajawahi kupanda jukwaa lake kuimba, kuigiza au kuzomewa. Kazi ya Afisa Habari ilikuwa kuusifu mji huo kwa maandishi. Yeye ndiye aliyetunga "mji wenye hazina ya utamaduni", na tangu hapo maneno hayo yalibandikwa kila mahali, mpaka kwenye mapipa ya taka.

Kazi yake nyingine, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kuwafichia wakubwa aibu ya lugha. Kila karatasi iliyotoka Halmashauri ilipita kwanza mezani pake, chini ya kalamu nyekundu. Kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa la neno "aidha". Watu walilitumia kwa maana ya "ama": aidha uje au usije. Kumbe aidha, kama alivyowaeleza wafanyakazi wote katika kikao kimoja cha asubuhi, maana yake ni vilevile, zaidi ya hayo, basi. Alieleza kwa dakika ishirini. Walichotoka nacho kikaoni ni jina la utani tu: Mama Aidha. Jina likabaki, somo likapotea.

Simu ya mezani ikalia. Mkurugenzi alikuwa anamhitaji.

Mkurugenzi hakumwambia akae. Kiti cha mgeni kilikuwa na rundo la mafaili, naye alilitazama rundo, akamtazama mama wa watu, akaliacha palepale.

"Taarifa hii ilijulikana na watu wangapi?"

"Wanne, mkuu. Wewe, katibu muhtasi wako, mwanasheria na mimi."

"Katika hao wanne, nani alitoka na faili nje ya jengo?"

"Mimi. Alhamisi. Nilikwenda kuipitia mara ya mwisho nyumbani, na daftarini nilisaini."

"Na katika hao wanne, nani ana mume pale Ukumbini?"

Hilo halikuwa swali.

"Dada, mimi sitaki kukupoteza," Mkurugenzi alisema, na hapo alikuwa mkweli kabisa. "Barua zangu atanisahihishia nani? Sasa sikiliza. Jumatano saa nne nataka barua yako ya kujieleza hapa mezani. Kama ni wewe uliyetoa siri, unajua mwenyewe. Lakini kama kuna mtu wa nyumbani aliyechungulia faili wewe ukiwa jikoni, huo ni uzembe tu. Utapewa onyo, maisha yataendelea."

"Na huyo mtu?"

"Huyo mtu tutamwona."

Maana ya kumwona aliijua. Aya ya tatu ya taarifa ilisema kwamba Ukumbi ukifungwa, wafanyakazi wake wote watahamishiwa idara nyingine za mji. Wote, ila atakayekuwa amefukuzwa kabla. Mumewe alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu, ya taa za jukwaani.

"Mume wangu hajui lolote, mkuu."

"Una hakika?"

Alitaka kusema ndiyo. Akakumbuka kwamba Ijumaa asubuhi, alipolichukua faili lile juu ya kabati la sebuleni, kamba yake ilikuwa imefungwa fundo la kipepeo, na yeye hafungi hivyo. Akachelewa kujibu. Mkurugenzi akatabasamu kidogo, akamfungulia mlango.

Jioni alimkuta mumewe sebuleni, ameketi kwenye kigoda, anasafisha taa ya jukwaa aliyokuja nayo kutoka kazini. Mtaa mzima ulimwita Swichi, na siku mama yake mzazi alipoanza kumwita hivyo, naye akakubali yaishe. Mama huyo, aliyekuwa akiishi nao tangu macho yaanze kumsumbua, alikuwa uani akianua nguo. Gazeti lilikuwa juu ya meza.

"Umeliona," mke akasema.

"Nimeliona. Ukumbi mzima umeliona. Mkata tiketi amelia mpaka ikabidi tumfungie dirisha."

Alingoja aulizwe kwa nini hakusema mapema. Jibu la swali hilo alikuwa nalo. Alilipanga njia nzima. Lakini Swichi aliendelea kufuta kioo cha taa, na utulivu wake ukamtia shaka kuliko ambavyo ugomvi ungemtia. Mtu anafungiwa mahali pake pa kazi, halafu hata hashangai?

"Alhamisi nilikwenda kulala mapema," akasema. "Wewe ulibaki hapa."

"Nilibaki."

"Faili langu lilikuwa juu ya kabati."

Swichi akaweka kitambaa chini. "Sema unachotaka kusema."

"Nauliza tu. Kamba haikuwa nilivyoifunga."

"Miaka kumi na tisa mafaili yako yanalala humu ndani. Nimewahi kukuuliza hata moja lina nini?"

"Mengine hayakuwa ya Ukumbi."

Neno hilo lilimchoma, na mke aliona lilivyomchoma, akajuta nusu. Nusu nyingine iliendelea kumchunguza usoni kama karani wa mpakani. Swichi akalinyanyua gazeti, akamwekea mapajani.

"Hii taarifa umeisoma?"

"Niisome ya nini? Niliiandika mimi."

"Isome."

Aliona anadhihakiwa. Alilisukuma gazeti likaanguka sakafuni, akaingia chumbani. Mama mkwe akaingia na nguo begani, akamtazama mwanawe, akautazama mlango uliofungwa.

"Leo humu ndani kuna nini?" akauliza. "Mmenuniana kama mawifi." Akaziweka nguo kwenye kochi, akaanza kuzikunja kwa kupapasa mishono.

Jumanne ofisi ilimtenga bila mtu kumwambia kitu. Ufunguo wa chumba cha fotokopi, uliokaa kwake miaka yote, ulikuwa umehamishiwa kwa dereva. Alipoingia jikoni kuchukua chai, mwanasheria alikuwa katikati ya maneno, akayamalizia kwa kusifia hali ya hewa. Katibu muhtasi, shoga yake wa kula naye kila mchana, alidai ana kazi nyingi. Dakika tano baadaye akaonekana kupitia dirishani, anakula peke yake, mgongo kaugeuzia mlango. Afisa Habari alikitazama chakula chake, akakifunika.

Akampigia simu mwandishi aliyeandika habari ile, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha jinsi ya kuuliza maswali kwenye mikutano.

"Niambie tu aliyekupa."

"Dada yangu, kama ungekuwa umenipa wewe, ungependa leo nimtajie anayeniuliza?"

"Basi niambie kama ni mwanamume."

"Siku njema, dada," kijana akasema, akakata simu kwa heshima zote.

Alirudi nyumbani saa tisa. Swichi hakuwepo, na mama mkwe alikuwa amejilaza. Koti la kazi la mumewe lilining'inia nyuma ya mlango, na yeye, ambaye katika ndoa yao hakuwahi kutia mkono kwenye mfuko usio wake, aliutia. Akatoa bisibisi, fyuzi mbili, pipi za kikohozi, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa nakala ya barua ya kuomba kazi ya fundi taa katika ukumbi mmoja wa sherehe, upande wa pili wa mji. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, akayaona kabla hajaelewa anachosoma. Kisha akaiona tarehe. Jumamosi. Gazeti lilitoka Jumatatu, na mumewe aliomba kazi nyingine tangu Jumamosi. Tena mtu huyu hakuwahi kuandika barua hata ya kumwomba fundi bomba bila kumpa yeye aipitie.

Alikasirika, na ndani ya hasira ile kulikuwa na nafuu, maana sasa alikuwa na hakika. Alikaa mezani palepale akaandika barua ya kujieleza. Rasimu tatu alizichana. Ya nne ilikuwa fupi na safi, na sentensi yenye kisu alikuwa ameipanga kama alivyozipanga sentensi zake zote: "Waraka huo, uliokuwa chini ya dhamana yangu, ulifunguliwa na mume wangu pasipo ridhaa wala habari yangu." Aliisoma kwa sauti ya chini. Ilikaa vizuri. Akasaini.

Jumatano, saa nne kasoro, katibu muhtasi aliipokea barua na kuigonga muhuri, IMEPOKELEWA, bila kuinua macho. Mkurugenzi akamtumia ujumbe kwamba aende nyumbani apumzike, arudi saa nane. Kwa jinsi ujumbe ulivyokuwa wa upole, alijua ameisoma.

Swichi naye alikuwa nyumbani. Wafanyakazi wa Ukumbi walikuwa wameambiwa wasubiri maelekezo. Alikuwa amechemsha chai na kutandika meza, jambo alilolifanya pale tu alipotaka yaliyopita yapite. Akammiminia mkewe kikombe.

"Enhe, umewaonyesha ile aidha?"

"Aidha gani?"

Alidhani anataniwa. Kisha akaona hapana, mume hatanii.

"Mama Aidha mzima hujaiona?" Swichi akafungua gazeti lile lile la Jumatatu, akaweka kidole chake chenye rangi ya grisi kwenye aya ya pili, akasoma: "'Ukumbi utafungwa aidha mwishoni mwa mwezi huu au mwanzoni mwa mwezi ujao.' Sasa hiyo ni ya kwako?"

Alimpokonya gazeti. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Mkurugenzi, neno kwa neno, kutoka rasimu ya kwanza kabisa. Jumatano ya wiki iliyopita aliikata kwa kalamu nyekundu akiwa ofisini, akaandika "ama", na taarifa ikachapwa upya. Aliyokuja nayo nyumbani Alhamisi ilikuwa hiyo iliyosafishwa. Hii ya gazetini haikuwahi kuvuka mlango wa nyumba hii. Ilitoka kwa Mkurugenzi kabla hata faili halijasainiwa daftarini.

"Mimi nilipoiona tu nikajua si wewe," Swichi alisema. "Pale kazini walianza kukusema, nikawaambia, mke wangu hata umwekee bunduki kichwani hawezi kuandika hivi. Ndiyo maana nikakwambia isome."

"Na barua yako?" mkewe akauliza. "Ya kuomba kazi. Ya Jumamosi."

Mume akaelewa kwamba koti limepekuliwa, akaamua kulimeza.

"Ijumaa walikuja watu watatu na utepe, wakapima jukwaa. Hawakuja kupima ili wacheze. Nikajua kinachokuja, na nikajua wewe unajua na huruhusiwi kusema. Sikutaka kukuuliza ukalazimika kunidanganya."

"Na kamba?"

"Kamba ipi hiyo mnayoigombania siku tatu?" mama mkwe akaitikia kutoka kwenye kochi. "Ya lile faili? Nilifunga mimi, mwanangu. Nilikuwa napangusa vumbi alfajiri, likaanguka, makaratasi yakamwagika. Au mnadhani niliyasoma kwa macho haya?"

Swichi akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeondolewa mzigo. Mkewe alikuwa tayari amesimama. Chai yake haikuguswa.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kuwaonyesha aidha," akasema. Akatoka.

"Barua yangu," alimwambia katibu muhtasi, akihema. "Nirudishie, nimekosea."

"Imeshagongwa muhuri, dada. Imeingia." Kisha shoga yake akatazama mlango wa bosi, akashusha sauti. "Ile rasimu ya kwanza niliipeleka mimi gazetini, wiki iliyopita, kwenye bahasha. Nilitumwa. Usiniulize na nani, na usinitaje popote, nakuomba. Nina watoto watatu."

Mkurugenzi alikuwa ameondoa mafaili kwenye kiti. Safari hii alimwambia akae. Yeye akabaki wima, akaweka gazeti mezani, akaonyesha mstari. Mkurugenzi aliusoma, akaurudia, akavaa miwani akausoma tena.

"Sioni kosa."

"Aidha, mkuu. Mimi siwezi kuitumia hivyo. Hii ni rasimu yako, kabla sijaisahihisha. Haikutoka nyumbani kwangu."

"Aidha mwezi huu au mwezi ujao. Kosa liko wapi? Kila mtu anasema hivyo."

"Mimi sisemi."

"Basi wewe ndiye unayekosea." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na hata kama ni kosa, huenda uliliweka makusudi ili usijulikane. Utakwenda kwenye kamati ya nidhamu na neno moja mkononi? Nani pale atakuelewa?"

Alijua ni kweli. Aliwapitisha mmoja mmoja kichwani wajumbe wote wa kamati ya nidhamu, na wote alikuwa amewasahihishia aidha zao.

"Unataka kuondoa barua yako? Iondoe," Mkurugenzi akaendelea. "Uniletee nyingine inayosema ni wewe. Mmoja wenu lazima faili limwangukie."

Akangoja. Afisa Habari alifikiria kodi ya nyumba, binti yao aliyekuwa mwaka wa mwisho shule ya bweni, dawa za macho za mama mkwe. Alifikiria kwamba kazi ya Swichi ilikuwa inakwenda na Ukumbi wake hata hivyo, ingawa aya ya tatu ilisema vingine na yeye ndiye aliyeiandika. Alijiambia mumewe angeelewa, kama alivyokuwa akielewa kila kitu. Alikuwa mwoga, na alijua, wakati huohuo, kwamba anakuwa mwoga. Lakini mdomo haukufunguka.

"Basi," Mkurugenzi akasema.

Saa tisa jalada la barua za kusahihishwa likaletwa mezani pake kama siku zote. Ya kwanza ilihusu mitaro, ya pili maonyesho ya wachongaji. Ya tatu ilikuwa ya kumfukuza kazi mumewe. Mkurugenzi hakukusudia ukatili. Ilikuwa karatasi inayotoka, na kila karatasi inayotoka lazima ipite kwa Mama Aidha.

Aliipitia haraka. Kwenye mstari wa mwisho kalamu ilisimama: "Unatakiwa aidha urudishe funguo na vifaa vyote au ulipe gharama zake." Wino ulianza kutoa nukta nyekundu pembeni mwa neno. Akanyanyua mkono. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliliacha kosa likae, akiwaza kwamba Swichi ataliona, na akiliona atajua kwamba mkono wa mkewe haukuwemo. Sehemu nyingine zote za barua zilimpita tu, kwa kuwa hazikuwa na kosa la kumsimamisha. Akaomba aipeleke mwenyewe.

Swichi aliisomea dirishani, kwenye mwanga wa jioni, akifuata mistari kwa kidole kama alivyozoea. Kwanza akaruka mpaka chini kuona saini ni ya nani. Hapo akaguna, kisha akatoa kicheko kifupi kikavu.

"Aidha au! Leo wamekuponyoka, au?"

"Sikuigusa," mkewe akasema. "Hiyo barua sikuigusa kabisa."

"Inaonekana. Hata mtoto ataona si mkono wako."

Kifua chake kikafunguka kidogo. Mume akarudi juu, akaanza upya tangu tarehe, taratibu, midomo ikicheza. Kwenye aya ya pili kidole kikasimama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma kwa sauti.

"'Waraka huo, uliokuwa chini ya dhamana ya mke wako, ulifunguliwa nawe pasipo ridhaa wala habari yake.'"

Pale Halmashauri wote huandika nyaraka hii, nyaraka hiyo. Hakuna anayeandika waraka. Na pasipo, katika mji mzima, Swichi alikuwa amelisikia neno hilo kwenye kinywa cha mtu mmoja tu.

"Wanasemaje?" mama yake akauliza kutoka kwenye kochi. "Swichi? Wanasemaje huko?"

Swichi alisoma mstari ule mara nyingine, na kidole chake hakikupata pa kukwama. Kisha akaikunja barua ilivyokuwa imekunjwa, akamnyooshea mkewe.

"Hii ni yako," akasema.